Binti wa Mwalimu wa Hesabu

Siku ya kuanua matanga ya baba, wanafunzi wake wa zamani waliomba nafasi ya kusema. Hakuna aliyewapangia. Alianza mganga mmoja wa zahanati, mtu mwenye mvi tayari. Alisimama chini ya turubai uani kwetu, mtaa wa Viwanja Sitini, akavua kofia, akasema kwamba alipokuwa kidato cha pili alikuwa hajui hata kutoa namba kubwa kwenye ndogo, na kwamba Mwalimu Melkiori hakumcheka hata siku moja. Akafuata mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga, kisha fundi wa umeme, kisha wengine ambao sikuwafahamu. Kila mmoja alianza vilevile, kwamba yeye alikuwa mzito wa hesabu, na walilisema neno hilo bila woga, kama mtu anavyoonyesha kovu la jeraha lililokwisha kupona. Watu walicheka, wengine wakafuta machozi. Ndipo shangazi akanigeukia kutoka kwenye mkeka, akasema nami nisimame, maana nilikuwa mwanawe na tena alinifundisha darasani. Nilisimama, nikakaza kanga kiunoni, nikawashukuru waliotoka Mchombe na Mlimba kuja kuomboleza pamoja nasi, nikasema chakula kiko tayari, karibuni. Nikakaa.

Nilipokwenda kwenye masufuria nilimkuta Rehema, niliyesoma naye sekondari, anapakua wali. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi. Aliendelea kupakua, akasema kwa sauti ya chini, "Hukusema."

"Ningesema nini?"

"Ungesema kama sisi. Nawe ulikuwa mwenzetu."

Nilichukua sahani moja. Nina wajukuu. Nimefundisha watoto wadogo kule Mlimba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na wengine wao sasa wananiletea watoto wao niwafundishe. Lakini nilisimama pale na sahani mkononi, uso unaniwaka kama wa msichana aliyeitwa ubaoni, na nilijua kwamba aibu ya mwaka ule haijaondoka. Ilikuwa imekaa kimya tu, ikingoja mtu aiite jina.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili, na baba ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa hesabu. Naanzia hapo kwa sababu mambo ya nyuma hayana maana kwa hiki ninachosimulia, isipokuwa jambo moja nitakalolitaja likifika mahali pake. Tulikaa katika nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye sebule isiyofanana na sebule ya mtu yeyote mtaani. Ukuta mmoja mzima baba aliupaka rangi nyeusi aliyoichanganya mwenyewe kwa unga wa betri za redio zilizokwisha, na huo ndio uliokuwa ubao wake. Vumbi la chaki lilitua kwenye kitambaa cha meza, kwenye vikombe, hata kwenye picha ya Moyo Mtakatifu iliyoning'inia mlangoni. Tulikula wali wetu tukitazamana na milinganyo ya siku ile, na mama alikuwa akilalamika kwamba wageni hawajui waangalie wapi. Alasiri baba alitoka shule na kundi la watoto nyuma ya baiskeli yake. Wale walioanguka majaribio alikuwa amepita karibu na madawati yao na kuwaambia taratibu, pitia nyumbani. Hakuiita tuisheni, maana hakutoza kitu. Mama alichemsha mihogo au magimbi, akaweka chai ya rangi, na watoto wakajipanga kwenye mabenchi mbele ya ukuta mweusi.

Kila mtoto mpya alimwuliza swali lilelile. Hakumwuliza hujui nini. Alimwuliza, "Umepotelea wapi?" Kisha alirudi naye nyuma, kidato kwa kidato, darasa kwa darasa, mpaka afike mahali ambapo mtoto alisimama bila kutetereka, na kutoka hapo wakaanza upya pamoja. Ilichukua muda mrefu, naye hakuwa na haraka. Sauti yake wakati huo ilikuwa ya mtu anayemwongoza ng'ombe mgonjwa kuvuka kivuko. Najua yote haya kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa pazia, kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea jikoni, nikimenya mihogo au nikiparua samaki. Mimi hakuniambia nipitie nyumbani. Nyumbani kwenyewe nilikuwapo. Nilitarajiwa kujua hesabu kama mtoto wa mvuvi anavyotarajiwa kujua kuogelea, na hakuna aliyefikiri kwamba binti wa Mwalimu Melkiori angehitaji kukaa benchi moja na waliopotea.

Mimi alinifundisha asubuhi, mezani. Tulikunywa chai kwa wali wa jana uliopashwa kwenye kikaango, naye akaniuliza swali kati ya tonge na tonge, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananiuliza kama mvua itanyesha. Mara nyingine nilijibu. Mara nyingi nilianza kusema kitu, nikakiacha, nikaanza kingine. Baba hakunipiga, wala hakunifokea. Aliweka kikombe chini, akatazama mahali fulani juu ya kichwa changu, akasema, "Basi. Kula." Maneno hayo mawili niliyaogopa kuliko fimbo. Wali niliumaliza wote, maana kuacha chakula kungekuwa kusema kwamba nimeumia.

Kwa hiyo nikajifunza kukariri. Mfano wowote alioufanya ubaoni niliushika mstari kwa mstari, kama sala, bila kujua unachosema. Akibadilisha namba moja tu nilikuwa nimekwisha. Leo darasani kwangu akiwapo mtoto anayeitikia kwa kichwa haraka kabla sijamaliza kueleza, huwa naiacha chaki nikaenda kukaa karibu naye. Wanaouliza hawanipi shida. Nawaogopa hawa wanaoitikia, kwa sababu namjua mtu aliyejificha ndani ya kuitikia kule.

Masika ya mwaka ule mto Lumemo ulifurika. Maji yaliingia kwenye nyumba za watu wa bondeni, shule ikafungwa kwa muda, na baba akamleta nyumbani mwanafunzi wake mmoja ambaye kwao palikuwa pamezama. Huyo ndiye Rehema. Alikuja na godoro limekunjwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, miguu ina matope mpaka magotini, akamwamkia mama, akauliza ufagio uko wapi. Alilala nami kitanda kimoja. Alipokuwa akiswali chumbani kwetu mama alituzuia sote kupiga kelele, hata baba alishusha sauti ya redio. Rehema alikuwa wa mwisho au wa karibu na mwisho katika hesabu, na jambo hilo halikumnyima usingizi. Alikaa benchi la mbele, na baba alipomaliza kueleza alisema, "Mwalimu, hapo sijaelewa." Baba akamwuliza wapi. "Hapo pote," akasema, na baba akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye chaki, kisha akaanza tena tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na perege mkononi, magamba yamenirukia usoni. Nilimwonea wivu Rehema kwa ujinga wake. Wake ulikuwa na benchi la kukalia. Wangu ulikuwa hauna pa kukaa.

Likizo ilipokaribia tulifanya mtihani wa nusu mwaka. Baba alikuwa na desturi ya kurudisha karatasi mmoja mmoja. Aliita jina, mtoto akaja mbele, baba akamwambia neno moja au mawili ambayo wengine hawakuyasikia, na hata waliopata vibaya walirudi kwenye madawati wakiwa wameinua shingo. Siku hiyo aliita, akaita, kifurushi kikapungua mkononi mwake. Nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi nitakavyotembea. Ikabaki karatasi moja. Baba aliitazama, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba wake na kufunga vifungo. Kisha akageukia ubao na kuanza somo jipya.

Darasa zima lilijua ni ya nani. Nyuma yangu walinong'ona. Mmoja alisema nimepata zote na baba anaona vibaya kunisifu. Mwingine akasema mtihani huwa naletewa nyumbani, na ndiyo sababu hauwezi kuonyeshwa. Niliweka mikono juu ya dawati tupu nikaitazama. Mtu akianguka huwa anapewa karatasi yake, ajue ameangukia wapi. Mimi hata hiyo sikupewa. Nilihisi kwamba nilichoandika kilikuwa kibaya kiasi cha kutofaa kuonwa na macho ya watu, kama kitu kinachofunikwa haraka mgeni anapopiga hodi.

Nyumbani hakuna aliyelitaja. Jumapili iliyofuata, baada ya misa na chakula cha mchana, mimi na Rehema tulijilaza. Kuta za nyumba ile hazikufika juu kwenye bati, hivyo neno lililosemwa chumba kimoja lilisikika vyumba vyote, na mtu alihitaji kusinzia kwanza ndipo asilisikie. Sikuwa nimesinzia. Nilimsikia mama akimwuliza baba atanificha mpaka lini. Baba akasema kwamba watoto wa watu wanamwelewa, ila huyu wake hajui amfanyeje.

Mama akasema, "Ungemfundisha kama unavyowafundisha wenzake."

"Wenzake hawaitwi kwa jina langu," baba akasema. "Nikimwona ameshika chaki, naona haya mimi."

Nilijua Rehema yuko macho kwa jinsi alivyoacha kupumua. Niligeukia ukuta. Baada ya muda aliketi, akaniinamia, akaninong'oneza swali. Kati ya robo na theluthi, ipi kubwa? Nikamjibu robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Hakucheka. Alisema naye alikuwa akijibu hivyohivyo mwanzo wa mwaka. Akaniuliza tangu lini.

Hilo ndilo jambo la nyuma nililosema nitalitaja. Nilipokuwa darasa la nne niliugua malaria mpaka nikalazwa, na baba ndiye aliyenipeleka hospitali, amenifunga mgongoni kwa kanga ya mama huku akiendesha baiskeli. Niliporudi shule wenzangu walikuwa wamekwisha kumaliza hesabu za sehemu. Mwalimu wetu aliuliza kama wote tumeelewa, wote wakaitika ndiyo, nami nikaitika. Tangu siku hiyo kila kilichojengwa juu ya sehemu kwangu kilikuwa kimejengwa juu ya tope. Sekondari zile sehemu zikaja zimevaa Kiingereza, nikaacha hata kuzitambua. Nilimweleza Rehema yote hayo nikiwa bado nimeutazama ukuta. Akaniambia nimwambie baba. Nikasema siwezi. Akasema, lakini ni baba yako. Nikasema ndiyo maana.

Rehema alinipa nafasi ya kulisema mwenyewe. Nilipitisha siku kadhaa bila kulisema. Kisha alasiri moja, mabenchi yamejaa, baba amemaliza kueleza na kuuliza nani bado, nilisikia sauti ya Rehema kutoka benchi la mbele. "Mwalimu, kuna mwingine hajaelewa. Yuko nyuma ya pazia."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu na muhogo umemenywa nusu. Nilifikiri kukimbilia uani. Baba alisema, "Skola, njoo." Nikaingia na maji ya mihogo yakinidondoka viganjani. Wote walikuwapo, wale wote waliokuwa wakidhani napewa mitihani nyumbani, na waliniangalia kwa mshangao, kisha nikaona mshangao ule unageuka kuwa kitu kingine, na sikuweza kukitazama. Sijapata kuona aibu kama ile, wala kabla wala baadaye, hata siku nilipoanguka na sufuria la mchuzi kwenye harusi ya watu. Baba alifungua kinywa, akakifunga. Chaki ilikuwa kati ya vidole vyake. Nadhani alitaka kusema basi. Badala yake akaniuliza, polepole kuliko alivyowahi kumwuliza mtoto wa mtu, "Umepotelea wapi?"

"Darasa la nne, baba," nikasema. "Nilipolazwa."

Nilimwona akirudi nyuma kwa mawazo, mwaka kwa mwaka, mpaka akafika. Aliweka chaki mezani, akatoka nje. Tulimsikia uani kwenye pipa la maji akinawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu sana, mpaka mama akatoka jikoni kumtazama. Rehema alisogea, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyobaki benchini, nami nikakaa. Baba aliporudi mikono ilikuwa bado imelowa. Alifuta ukuta wote, hata kazi ya wanafunzi wa kidato cha nne aliyokuwa akiitunza tangu jana, akachora duara moja kubwa katikati. "Leo tunarudi darasa la nne," akasema. "Sote." Wengine waligunaguna. Yeye aliutazama ukuta, hakunitazama mimi.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo alikuwa nami kama alivyokuwa na wengine, lakini haikuwa hivyo. Kwa wiki nyingi hakuweza kunitazama usoni nikiwa benchini. Akitaka kujua kama nimeelewa alimwuliza Rehema. Nilipokosea jambo alilokwisha kulieleza mara nyingi, nilimsikia anavuta pumzi ya basi, kisha anaikata katikati, anaweka chaki chini na kwenda kwenye pipa. Watoto wengine walidhani ana maradhi ya tumbo. Mimi nilijua anakwenda nje kunilinda na ulimi wake. Kila alipotoka nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu hakuna mtoto mwingine aliyemfanya atoke. Siku ya matanga nilipowasikia watu wale wakimsifu mtu asiye na haraka, nilijua hawasemi uongo. Kwao upole ulimjia wenyewe. Kwangu alilazimika kuutafuta nje, kwenye maji, na kurudi nao. Nimechelewa sana kuona kwamba ule niliopewa mimi ndio uliomgharimu, na ninapouona hivyo aibu hainipungui. Inabadilika tu, inakuwa aibu ya mtu aliyepewa kitu kikubwa asijue pa kukiweka.

Mwisho wa mwaka tulifanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Tulijua kwamba anayeanguka kabisa anarudia darasa, na akianguka tena safari yake ya shule imekwisha. Usiku wa kuamkia siku ya hesabu sikulala, na asubuhi baba hakuniuliza swali lolote mezani. Alinisogezea sukari tu.

Matokeo yalipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi, baba alinichukua twende pamoja. Ningependelea kwenda na Rehema, au kutokwenda. Uwanja ulijaa watoto na wazazi, na kila hatua mtu alimpa baba shikamoo. Rehema alikuwa amefaulu hesabu vizuri, alikuja mbio kutuambia, kisha akaniona uso akanyamaza. Mimi nilikuwa nimefaulu masomo ya kutosha kuendelea kidato cha tatu. Hesabu nilikuwa nimeanguka. Nilikaribia sana, lakini nilianguka. Mwalimu mmoja wa historia, mtu mwenye sauti ya mahubiri, alisogea akamshika baba bega na kumpa pole mbele ya watu wote. Akasema watoto wetu wenyewe ndio hawasikii, tunawafundisha wa wenzetu wakatusikia, wa kwetu masikio wameziba.

Nilitazama chini. Nilingoja baba acheke kidogo, au aitikie kwa adabu ili tuondoke.

"Huyu alisikia," baba akasema, na hakushusha sauti. "Mimi ndiye sikumwuliza mapema."

Yule mwalimu aliondoa mkono begani mwake. Waliokuwa karibu walijifanya wanasoma ukutani. Baba aliishika baiskeli yake, nasi tukatoka uwanjani tukiisukuma, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa laini. Tulitembea mpaka tukazipita mashine za mpunga. Hapo, bila kunitazama, akaniuliza theluthi ya robo ni ngapi. Nilifikiri kwa muda. Sikuita mfano wowote kichwani, nilifikiri mwenyewe. Kisha nikasema moja ya saba.

Nilikuwa nimekosea, na nililijua kosa lilipokwisha kunitoka. Baba alisimama. Aliiegemeza baiskeli kwenye ukingo wa mfereji, akapandisha kidogo suruali yake ya kazi, akachuchumaa pale pale kando ya njia, akaokota kijiti na kuchora duara kwenye udongo uliolowa. Wanawake waliotoka sokoni walipita wakatusalimu, kijana mwenye gunia la mpunga kwenye baiskeli akatukwepa, na wenzangu wa darasani walikuwa wanakuja nyuma yetu, nikiwasikia sauti. Masikio yaliniwaka moto. Baba aligawa duara kwa nne, akaniinulia kijiti nikipokee. Nikachuchumaa karibu naye.